Dunia ikichafuka, wachoraji hukimbilia mraba. Kwa nini?

#1 Mwenye Rula

Wakuu, salaam. Hili jambo linanizunguka kichwani, naomba wenye uelewa wa sanaa tulichambue.

Mwaka 1908 Mjerumani mmoja, Wilhelm Worringer, alitoa kitabu kilichotokana na tasnifu yake ya udaktari. Hoja yake kwa kifupi: watu walio na amani na ulimwengu unaowazunguka hupenda sanaa yenye uhai ndani yake, yaani miili, majani, wanyama. Wanaouona ulimwengu kama kitu cha kutisha, kisichotabirika, hukimbilia maumbo makavu: mstari ulionyooka, pembetatu, mraba. Mraba haukui, hauozi, haufi. Mtu akiutazama anapumua kidogo.

Miaka 7 baadaye, vita vimepamba moto, mchoraji wa Urusi, Kazimir Malevich, akatundika picha ya mraba mweusi kwenye onyesho huko Petrograd. Mwaka huohuo wa 1915 mchoraji Paul Klee akaandika kwenye shajara yake kwamba kadiri dunia inavyozidi kutisha ndivyo sanaa inavyozidi kuwa dhahania, yaani isiyochora vitu kama vinavyoonekana. Mwaka 1917 Waholanzi wakaanzisha kundi la sanaa la De Stijl, mistari wima na milalo tu, nchi yao haipigani lakini imezungukwa na mizinga kila upande.

Mimi naona huyu Worringer alipatia. Mraba ni kimbilio la mtu mwenye hofu. Mnasemaje?

#2 Nipo Tu

Siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

#3 Kivuli cha Adhuhuri

Naunga mkono hoja. Mcheki huyo Malevich. Mapinduzi yamepiga, mfalme kang'olewa, kila ulichokizoea kimeanguka. Unabaki na nini cha kuchora? Mraba mweusi basi. Hapo hata mimi ningechora huohuo.

#4 Bi Mstari

Kivuli, tarehe zako zimepishana. Onyesho la mraba mweusi, lile lililoitwa 0,10, lilifunguliwa Desemba 1915. Mfalme wa Urusi aliachia ngazi Machi 1917. Mraba ulitangulia zaidi ya mwaka mzima.

Na kabla hatujaufanya pango la kujifichia, angalieni alivyoutundika. Hakuuweka ukutani katikati ya picha nyingine. Aliupandisha juu kabisa, kwenye kona ya chumba, mahali ambapo nyumba nyingi za Warusi Waorthodoksi huweka picha takatifu. Mtu anayejificha haendi kukaa kwenye nafasi ya Mungu. Huo ni ubabe, tena wa waziwazi.

Jambo jingine: ule mraba si mkavu kama tunavyousimulia. Una sentimita 79.5 kila upande wa turubai, lakini umbo jeusi lenyewe limepinda kidogo, kingo zake hazilingani sawasawa na kingo za turubai. Rangi nyeusi imepasuka kila mahali, na kwenye nyufa rangi nyingine zinachungulia. Mwaka 2015 wataalamu wa jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow, walitangaza kuwa chini yake kuna michoro mingine ya rangi. Hivyo haya maneno ya "haukui, hauozi" mwambieni Worringer aende Moscow akauone ulivyozeeka.

#5 Mwenye Rula

Bi Mstari asante kwa tarehe. Lakini 1915 ni katikati ya vita, hoja yangu bado imesimama.

#6 Mpingaji

Imesimama kwa mguu mmoja. Mchoraji wa Kijerumani Otto Dix alikuwa mpiga bombomu kwenye mahandaki ya vita hivyohivyo. Aliporudi alichora nini? Mwaka 1924 alitoa mfululizo wa chapa 50 kuhusu vita: maiti, nyuso zilizochanika, mafuvu yenye funza, askari waliovaa vinyago vya gesi. Mraba hakuna. Mchoraji Goya kabla yake, wakati majeshi ya Napoleon yapo Hispania, ni miili tu. Picasso mwaka 1937 baada ya mji wa Guernica kupigwa mabomu: farasi, ng'ombe dume, mama na mtoto, upana wa picha karibu mita 8. Tena huyu Picasso ndiye aliyevunjavunja nyuso kuwa vipande kabla ya vita, wakati wa amani. Vita vilipopamba moto na baada yake akaanza kuchora wanawake wanene watulivu kama sanamu za Kiyunani, na Paris nzima ikawa inazungumzia kurudi kwenye utaratibu wa zamani.

Kwa hiyo kwa wengi mambo yalikwenda kinyume kabisa na unavyosema: dunia ikichafuka, watu wanarudi kwenye mwili.

#7 Mwenye Rula

Dix alikuwa anaisimulia hofu. Malevich alikuwa anaikwepa. Ni njia mbili za ugonjwa mmoja.

#8 Mpingaji

Safi sana. Akichora mtu, ana hofu na anaisimulia. Akichora mraba, ana hofu na anaikwepa. Asipochora kabisa je? Hofu imemzidi? Mkuu umetengeneza hoja ambayo hata ikipigwa vipi haidondoki, na hapo ndipo ninapoanza kuitilia shaka.

#9 Nipo Tu

Hahaha. Mleta uzi kashikwa pabaya.

#10 Nesi wa Zamu

Mimi si mtu wa sanaa, nimevutwa na kichwa cha uzi. Zamu ya usiku nikiwa na mgonjwa ambaye hali yake siielewi, mkono wenyewe unaanza kuchora visanduku pembeni ya karatasi. Kisanduku, ndani yake kingine, ndani yake kingine, halafu najaza wino kimoja kimoja, naacha kimoja cheupe. Simu ikilia naacha hapohapo. Usiku ukiwa shwari sichori chochote, napiga soga na wenzangu.

Sijawahi kufikiria kwamba kuna mtu aliandika kitabu juu yake.

#11 Hesabu Tamu

Nesi, hicho unachofanya kimepimwa. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2005, wanafunzi 84 wa chuo. Waliambiwa kwanza waandike kuhusu jambo lililowahi kuwatisha, ili wasiwasi upande. Kisha wakagawanywa: wengine wakapewa duara lenye mapambo linganifu wapake rangi, wengine mchoro wa mistari inayokatizana kama kitambaa cha mirabamiraba, wengine karatasi tupu wachore watakacho. Makundi mawili ya kwanza wasiwasi ulishuka vizuri. Wa karatasi tupu hawakupata nafuu hiyo.

Lakini Mwenye Rula usikimbilie kushangilia. Wengine walipourudia mwaka 2012, duara lilituliza, ile mirabamiraba haikuonyesha tofauti ya maana na karatasi tupu. Na hata matokeo ya kwanza yanaweza kusomwa vingine: huenda kinachotuliza ni kupewa mipaka, wala si pembe na mistari. Karatasi tupu inakudai uamuzi kila sekunde, na mtu mwenye wasiwasi tayari amechoka kuamua. Ukimpa picha ya samaki yenye mistari tayari, pengine naye atatulia vilevile.

Halafu kupaka rangi mchoro wa mwenzako ni jambo moja. Kukaa mbele ya turubai ukabuni wako ni jambo jingine.

#12 Jicho Kavu

Wote mnasema jiometri inatuliza. Mmewahi kusimama mbele ya kazi ya mchoraji Bridget Riley? Ile ya mwaka 1961, miraba myeusi na myeupe inayoanza mipana, halafu inabanwa, inabanwa, mpaka inakuwa nyuzi, kama ukuta unaojikunja na kukumeza. Mimi nilishika ukuta wa kweli ili nisianguke. Mlinzi wa pale alinitazama bila mshangao, nadhani amezoea.

Na si mimi peke yangu. Mistari myeusi na myeupe yenye upana fulani inajulikana kuwaumiza kichwa watu wa kipandauso, na wenye kifafa cha mwanga wanaweza kupata degedege. Mwaka 1965 jumba la sanaa la MoMA, New York, lilifanya onyesho zima la picha za aina hii, Riley akiwemo. Hizo kazi hazikumkimbiza mtu kutoka kwenye wasiwasi. Zilimpelekea.

#13 Fundi Rangi

Niseme la mikononi, maana mistari ndiyo kazi yangu.

Watu wanadhani ukingo ulionyooka ni wa bure. Unabandika tepu ya karatasi, unapaka, unabandua, kumbe rangi imepenya chini na ukingo umeota meno. Dawa ni kuziba kwanza: unapitisha kwenye ukingo wa tepu rangi ileile iliyokuwepo chini, au akriliki isiyo na rangi. Kitakachopenya kitakuwa kile kisichoonekana. Ikikauka ndipo unapaka rangi mpya, tabaka jembamba, mara mbili au tatu. Unabandua kabla haijakakamaa, na tepu unailaza nyuma, uivute taratibu ikijikunja juu ya mgongo wake. Ukiinyanyua juu kwa pupa inaondoka na ngozi ya rangi.

Muda wote huo dunia inaweza kuwaka moto, mimi niko kwenye milimita moja. Hofu ipo, tena kubwa, moyo unadunda kweli wakati wa kubandua. Ila ni hofu ya kitu ninachoweza kukirekebisha kesho. Hapo ndipo ninapokubaliana na mleta uzi, robo. Robo tatu iliyobaki ni kwamba napenda tu jinsi buluu inavyobadilika ukiiweka jirani na chungwa.

Mchoraji Josef Albers naye: alikuwa mwalimu wa Bauhaus, shule ya sanaa ya Ujerumani iliyofungwa 1933 kwa shinikizo la Wanazi, akahamia Marekani na mkewe Anni. Kuanzia 1950 mpaka alipofariki 1976 alichora miraba ndani ya miraba, mamia kwa mamia. Alipaka kwa kisu, rangi moja kwa moja kutoka kwenye tyubu, na nyuma ya ubao akaandika majina ya rangi alizotumia na kampuni zilizozitengeneza. Aliyepoteza nchi ndiye huyo. Ukisoma alichofundisha, shida yake kubwa ni namna rangi moja inavyodanganya macho ikikaa na nyingine.

#14 Kivuli cha Adhuhuri

Mimi nabadilisha gia. Mraba unachorwa kwa sababu kuchora mkono wa binadamu ni kazi. Basi. Vidole vitano vinamshinda mtu, anatangaza kwamba ana wasiwasi na dunia.

#15 Fundi Rangi

Kivuli, Mondrian, yule wa kundi la De Stijl, alichora miti, mashamba na vinu vya upepo kwa miaka mingi kabla ya mistari, na alichora vizuri. Katafute miti yake ya kati ya 1908 na 1912 uione inavyopukutisha matawi picha hadi picha, mpaka yanabaki matao na mistari. Vidole havikumshinda.

#16 Jicho Kavu

Si ndiye huyohuyo ambaye picha yake ilitundikwa kichwa chini na hakuna aliyejua? Hapo Kivuli ana pointi kidogo.

#17 Bi Mstari

Ndiye. *New York City I* ya mwaka 1941, ipo Düsseldorf tangu 1980. Mwaka 2022 msimamizi wa maonyesho aliona picha ya zamani iliyopigwa kwenye studio ya Mondrian, ambamo kazi hiyo imesimama kinyume na inavyotundikwa. Wameiacha ilivyo kwa sababu imetengenezwa kwa tepu za rangi, na tepu zimechoka. Ukiigeuza, uzito unavuta upande mwingine na huenda zikabanduka. Fundi Rangi atakuwa anatabasamu.

Ila tusipite haraka kwa Mondrian, maana yeye ndiye anayeiharibu hoja ya uzi kuliko Dix. Fuateni safari yake. Vita vya kwanza vinamkuta Uholanzi alikokwenda kumwona baba yake mgonjwa, anashindwa kurudi Paris mpaka 1919. Mwaka 1938 anaona vita vingine vinakuja, anahamia London. 1940 mabomu yanamfuata London, anavuka bahari hadi New York. Mtu wa miaka 68, mkimbizi. Kwa hesabu za Worringer, hapo mistari yake ilipaswa kuwa minene na myeusi kuliko wakati wote.

Kilichotokea ni kwamba nyeusi iliondoka. *Broadway Boogie Woogie* ya 1942 hadi 1943 haina mstari mweusi hata mmoja. Ni njano, na juu ya njano vijisanduku vyekundu, buluu na kijivu vinarukaruka kama taa. Alikuwa anapenda kucheza dansi na alikuwa ameupata muziki aliokuwa akiutafuta. Hofu ilikuwa juu kabisa, na picha ikawa ya furaha kuliko zote.

#18 Mwenye Rula

Au furaha ya mtu aliyenusurika. Mtu akifika salama anacheza.

#19 Mpingaji

Umeona? Haidondoki.

#20 Dada Turubai

Mnaruka mtu muhimu. Hilma af Klint, Uswidi, alianza picha zake za hekalu mwaka 1906, akamaliza 1915, jumla 193. Hakukuwa na vita Uswidi. Wala hakuwa amemsoma Worringer, kitabu kilikuwa bado. Alikaa na wanawake wenzake wanne, wakiita mizimu kila wiki, na akaamini anaelekezwa achore nini: maduara yaliyogawanyika katikati, mistari inayojizungusha kama gamba la konokono, baadaye pembetatu zinazopanda kuelekea jua. Alitaka kuonyesha kisichoonekana.

Mondrian alijiunga na chama cha watheosofia, watu wa imani ya siri za kiroho, mwaka 1909. Mchoraji Kandinsky naye aliwasoma. Hawa watu walidhani chini ya vitu kuna mpangilio wa kiroho, na kwamba wima na mlalo, buluu na njano, ndiyo lugha yake. Mkitaka chanzo, anzieni hapo kwenye dini yao kabla ya mizinga.

Kwa upande mwingine kuna msanii Sophie Taeuber-Arp, Zürich, Uswisi, 1916. Wenzake wa kundi la wasanii lililoitwa Dada wanapiga kelele zisizo na maana jukwaani kwa sababu vita vimewavuruga akili. Yeye mchana anafundisha ufumaji na kudarizi chuoni, na kazi zake ni miraba na mistatili iliyopangwa kwa ustadi. Hofu? Labda. Lakini kitambaa chenyewe kinakulazimisha: uzi mmoja unakwenda wima, mwingine mlalo, hakuna njia ya tatu. Wanawake wengi walifika kwenye jiometri kupitia uzi na sindano, miongo kabla ya wanaume kuipa majina makubwa.

#21 Msomaji Mkaidi

Dada Turubai umegusa ninachotaka kukisema. Mimi ugomvi wangu na Worringer ni mwingine. Alikaa kwake Ulaya akaamua kwamba Wamisri wa kale, watu wa Mashariki na wale aliowaita watu wa awali walichora maumbo makavu kwa sababu waliogopa ulimwengu. Aliwauliza lini?

Chukueni mapambo ya Alhambra, jumba la watawala Waislamu kule Granada, Hispania, ya karne ya 14. Bikari na rula tu, lakini nyota moja inazaa nyingine, ukifuata mstari mmoja kwa kidole unazunguka ukuta mzima hujafika mwisho. Walioyatengeneza waliishi katika utamaduni uliokuwa mbele kabisa katika hisabati. Kazi ile inaonyesha raha ya kujua, hofu siioni. Ni kweli dola yao ilikuwa ndogo na imebanwa na maadui, najua Mwenye Rula atalirukia hilo. Lakini mapambo ya namna hiyo yalistawi Baghdad, Isfahan, Samarkand, kwenye dola zilizokuwa zinatisha wengine.

#22 Mzee wa Nukta

Kuna na Wandebele wa Afrika Kusini. Mwaka 1883 walishindwa na Makaburu, ardhi ikagawanywa, watu wakatawanywa kwenye mashamba kufanya kazi za lazima. Wengi wanaoeleza historia ya michoro yao ya ukutani wanasema ilikuja kupamba moto baada ya hapo, wanawake wakipaka kuta za nyumba ili ijulikane hapa wanaishi akina nani. Esther Mahlangu, aliyezaliwa 1935, alifundishwa na mama yake na bibi yake. Anachora kwa unyoya wa kuku, bila rula wala mchoro wa awali, na mstari unanyooka. Mwaka 1991 alipaka gari zima la BMW.

Hapo taabu ipo, tena kubwa, kwa hiyo mleta uzi anapata nusu. Lakini ukuta wa nje, wenye rangi za kuonekana kutoka mbali, si mahali pa kujificha. Ni tangazo.

Na Amerika ya Kusini baada ya vita vya pili ni hivyohivyo. Brazil ya miaka ya 1950 ilikuwa inajenga Brasília, mji mpya uliozinduliwa 1960, na vijana wa São Paulo na Rio walichora jiometri kwa sababu waliamini kesho itakuwa nzuri. Msanii wa huko, Lygia Clark, alitengeneza vipande vya bati vyenye bawaba, ukivishika vinajikunja kwa namna yake, huwezi kuvilazimisha. Ilikuwa michezo. Udikteta wa kijeshi ulikuja 1964, na kazi zake zikazidi kuhamia kwenye mwili na kugusa. Yaani hofu ilipokuja kweli, mraba haukuwa tena kipaumbele.

#23 Nipo Tu

Uzi umenoga. Nimesimama kabisa sasa, siti nimeiacha.

#24 Mpingaji

Niongeze la mwisho kabla sijalala. Mnasema jiometri ni jibu la dunia yenye wasiwasi. Kuna mchoraji wa New York, Peter Halley, ambaye miaka ya 1980 alisema kinyume: jiometri ndiyo iliyotufunga. Ofisi, magereza, hospitali, barabara, nyaya, vyote ni visanduku vilivyounganishwa kwa mabomba. Alichora mraba wenye nondo kama seli ya jela, akaupaka rangi zinazong'aa hadi zinachoma macho, na juu yake plasta ya mikwaruzo ya kupakia dari za hoteli za bei rahisi. Mraba wa Malevich umegeuka jengo na watu wamo ndani.

Na historia inamuunga mkono kwa namna mbaya. Franz Ehrlich alisoma Bauhaus, akafungwa Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, na huko wakamwamuru abuni herufi za lango la kambi. Alizibuni kwa mtindo safi wa Bauhaus uliokuwa umepigwa vita na watu haohao waliomfunga. Herufi zipo mpaka leo.

#25 Nesi wa Zamu

Hilo la lango sikulijua. Mpingaji umenikosesha usingizi na nina zamu.

Swali: kuna mtu kati ya hawa wachoraji aliyesema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba anachora mistari ili atulie? Maana mpaka sasa naona tunawasemea.

#26 Bi Mstari

Anayetajwa zaidi ni mchoraji Agnes Martin, mzaliwa wa Kanada, 1912. Alikuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili, alilazwa mara kadhaa. Alichora gridi, yaani mistari ya wima na mlalo inayokatizana, kwa penseli na rula fupi juu ya turubai za karibu mita 1.8 kila upande, na kwa kuwa turubai ina vinundu, mstari unatetemeka kidogo kila unapopita. Kwa mbali unaona ukungu, ukisogea unaona mkono. Mwaka 1967 aliacha New York, akagawa vifaa vyake, akaja kuibukia New Mexico na kukaa miaka bila kuchora.

Ila mwenyewe alikataa kabisa kuusoma ugonjwa wake kwenye picha. Alisema kazi zake ni za furaha, utoto usio na hatia, uzuri, na kwamba anachora akiwa ameipa dunia mgongo. Nesi unaweza kusoma huo mgongo kama kukimbia. Wengine wanausoma kama kuchagua upande wa kutazama. Mimi naona tuwe wagumu kidogo kumpa mtu ugonjwa kuwa maelezo ya kazi yake yote, wakati wagonjwa wenzake wengi hawakuchora mstari hata mmoja.

#27 Dada Turubai

Nakazia. Na kwa mleta uzi nakuwekea hii: msanii Saloua Raouda Choucair wa Lebanon. Kati ya 1947 na 1951 alichora picha ya maumbo mawili yanayokamilishana, ikapewa jina la kwamba mbili ni moja. Ikakaa nyumbani. Miaka ya 1980, vita vya wenyewe kwa wenyewe, bomu likalipuka karibu, picha ikatobolewa na vigae vya kioo vya dirisha vikakwama kwenye turubai. Haikuzibwa. Ilipoonyeshwa kwenye jumba la sanaa la Tate Modern, London, mwaka 2013 matundu yalikuwepo na vioo vilikuwepo. Picha ilichorwa bila wasiwasi wowote, miaka mingi kabla. Wasiwasi ulikuja ukaingia wenyewe kupitia dirishani.

#28 Hesabu Tamu

Hiyo ni kali. Kwa hiyo mtazamaji wa leo anaona jiometri iliyojeruhiwa, na msanii alichora jiometri tu. Worringer alikuwa anaeleza hisia za nani, mchoraji au mtazamaji?

#29 Mwenye Rula

Swali zuri, na nadhani alichanganya. Lakini mnitafutie mtu mmoja aliyepitia hofu ya kweli kwenye mwili wake, si kwenye magazeti, kisha akakimbilia mraba. Nina hakika yupo.

#30 Msomaji Mkaidi

Yupo, na hutampenda. Mchoraji Władysław Strzemiński. Vita vya kwanza vilimkata mkono mmoja na mguu mmoja. Akapitia Urusi, akawa karibu na Malevich, akahamia Poland. Miaka ya 1920 akabuni nadharia yake: picha isiwe na mgongano wowote ndani yake, isiwe na umbo linalolishinda jingine, kila sehemu iwe na uzito sawa. Mtu aliyepasuliwa na kombora anatafuta picha isiyo na vita. Hapo Mwenye Rula unaruka juu, najua.

Sasa subiri. Vita vya pili vikaja, Wajerumani wakaukalia mji wa Łódź alikoishi. Alichora mfululizo kuhusu watu wanaohamishwa kwa nguvu. Mraba hamna. Ni mstari mmoja unaotiririka, mwembamba, unazunguka mabega na vichwa vya watu bila kufunga umbo, kama kwamba miili imeyeyuka na kubaki mzingo. Baada ya vita akatengeneza mingine kwa ajili ya rafiki zake Wayahudi, akibandika picha halisi za kambi kando ya mistari hiyo.

#31 Mwenye Rula

Kwa hiyo hofu ya kwanza ilimpeleka kwenye utulivu, ya pili ikamtoa.

#32 Mpingaji

Au hofu ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe, ya pili ilikuwa ya majirani zake. Ukiumia wewe unaweza kutafuta kimya. Wakichukuliwa majirani mbele ya macho yako, kimya kinakuwa kitu kingine.

#33 Msomaji Mkaidi

Mbona baada ya vita alirudi kwenye jiometri basi? Mwaka 1948 jumba la makumbusho la Łódź lilimpa chumba abuni, akakipaka miraba na mistatili ya rangi, kuta mpaka dari. Mwaka 1950 serikali ikakifuta na kumfukuza kazi ya ualimu, akafa 1952. Chumba kilirudishwa 1960. Mpingaji, hapo hofu ilikuwa ya nani?

#34 Mpingaji

Ya serikali.

#35 Kivuli cha Adhuhuri

Hahaha. Fundi Rangi, tepu ya karatasi ikiacha gundi kwenye turubai unaitoaje? Nimejaribu mraba jana, wala si rahisi.

#36 Fundi Rangi

Kunja tepu nyingine, upande wa gundi nje, uigongegonge juu yake taratibu, itanyakua. Usisugue. Na tuwekee picha tuone kama una hofu.